Fedha za Utafiti wa Tiba: Nani Anauliza Swali?

Leo nataka tuzungumze habari ya fedha. Si fedha za mikopo wala bei ya unga, hizo tumezisema hata tumechoka. Nazungumzia fedha zinazolipia utafiti wa dawa na chanjo. Nani anazitoa? Akishazitoa, anapata haki ya kuamua nini? Na yule mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano ambayo hakuna aliyejua kama itafanya kazi, amdai nani, na amdai nini?

Nianze na krimu ya kuondoa ndevu.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha krimu ya kupaka usoni kwa wanawake wanaoota nywele mahali wasipozitaka. Dawa iliyomo ndani ya krimu hiyo inaitwa eflonithini. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1990, mamlaka hiyohiyo ilikuwa imeidhinisha eflonithini kwa kazi nyingine kabisa: kutibu malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Wasikilizaji wa Kongo na wa kaskazini mwa Uganda hawahitaji kuelezwa malale ni nini. Vimelea huingia damuni, kisha hupanda kwenye ubongo. Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, anabadilika tabia, anawasahau watoto wake, na asipotibiwa anakufa. Dawa ya zamani, melasoproli, ilikuwa na aseniki ndani yake, yaani sumu. Ikichomwa inaunguza mshipa mgonjwa akapiga yowe. Na waliokuwa wakiichoma walijua kwamba katika kila wagonjwa 20, mmoja hivi ataondoka, tena hataondoka kwa malale, ataondoka kwa dawa. Fikiria kazi ya muuguzi huyo. Asubuhi anajaza sindano 20, na hajui ni ipi itakayoua.

Eflonithini ilipokuja, watu waliokuwa kufani waliamka, wakaomba chakula. Ikaitwa dawa ya kufufua. Kisha mwaka 1995 uzalishaji wake ukasimamishwa. Dawa haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ya wagonjwa: hawakuwa na fedha. Dawa ilikuwa ghali kutengeneza, na waliokuwa wakiihitaji walikuwa wakulima wa mitoni na msituni ambao hawana bima wala akiba. Madaktari wakarudi kwenye aseniki.

Miaka mitano baadaye ndipo krimu ikaingia madukani. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walikuwa wakipiga kelele muda wote huo, na sasa kelele zilipata pa kushika, kwa maana hakuna kampuni inayopenda kuonekana gazetini ikiuza kipodozi huku dawa ileile ikikosekana wodini. Mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubali kuitengeneza tena na kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale.

Mimi sisemi wenye kampuni ni watu wabaya. Kampuni ina wanahisa, na wanahisa wanataka faida. Ukiiachia kampuni kazi ya kuchagua ni ugonjwa upi uchunguzwe, itachagua ugonjwa wa mwenye kununua. Mkono mtupu haulambwi. Kosa letu ni kushangaa kila mara jambo hilo linapotokea, na huku hatujaweka mkono mwingine mezani.

Na mkono mwingine unawezekana. Mwaka 2003 iliundwa taasisi isiyo ya kibiashara, DNDi, kwa ajili ya magonjwa yaliyosahaulika. Miongoni mwa waanzilishi wake ni KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na taasisi za Brazili, India, Malaysia na Ufaransa. Fedha zilitoka kwa serikali kadhaa za Ulaya, mashirika ya hisani na Madaktari Wasio na Mipaka. Wakatafuta dawa ya malale ambayo mgonjwa anaweza kumeza mwenyewe. Majaribio makubwa yalifanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakiongozwa na Mkongomani, Daktari Victor Kande, ambaye alikuwa amewatibu wagonjwa wa malale kwa aseniki na akajua kwa macho yake alichokuwa akikikimbia. Dawa hiyo, feksinidazoli, ilipata kibali mwaka 2018. Ni vidonge vya siku 10, basi. Mwaka 1998 wagonjwa walioandikishwa barani Afrika walikaribia 40,000. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Vidonge havikufanya yote hayo peke yake, upimaji vijijini na mitego ya mbung'o vilitangulia. Lakini hakuna mtu anayelazimika tena kuchomwa aseniki kwa aina ya malale inayopatikana Kongo.

Sasa tuje nyumbani kabisa, Kilifi na Muheza, Mbale na Soroti.

Kuna maswali ambayo kampuni haitayauliza hata kwa dawa, kwa sababu jibu lake haliuziki. Chukua dripu. Mtoto analetwa hospitali usiku: homa kali, anapumua kwa shida, mikono na miguu ya baridi, hajitambui. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi ya mshipani, tena haraka. Kwa miaka mingi hakuna aliyelipima jambo hilo sawasawa kwa watoto wa kwetu, wenye malaria na upungufu wa damu, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Na nani angelipa? Maji ya chumvi ni bei chee, hayana hataza, na hakuna atakayetajirika ukigundua kwamba yanafaa au hayafai.

Aliyelipa ni mlipa kodi wa Uingereza, kupitia Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo. Jaribio lilianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor ya Gulu. Liliongozwa na Kathryn Maitland, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kilifi miaka mingi, akishirikiana na madaktari wa nchi hizi tatu. Watoto walizidi 3,000. Kundi moja walipewa maji ya haraka, kundi jingine wakapewa yale ya kawaida ya polepole.

Januari 2011 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Huenda unadhani lilisimamishwa kwa sababu maji ya haraka yalifanya vizuri mno, hata ikawa dhambi kuwanyima wengine. Ilikuwa kinyume. Katika waliomiminiwa maji ya haraka, watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Katika wale wa polepole, walifariki 7. Tofauti ya watoto watatu katika kila mia. Zidisha hiyo kwa miaka na kwa wodi zote ambamo kitabu kilifuatwa kwa nia njema.

Hapa nikatize kidogo, maana najua redio inavyosikilizwa nusunusu na habari ikafika kisimani imegeuka. Watoto wanaoharisha na kutapika hawakuwamo katika jaribio hilo. Mtoto wako akiharisha akakaukiwa maji, mpeleke hospitali, na akitundikiwa dripu usiikatae.

Jaribio lile lilileta swali jingine la maadili ambalo ningependa ulifikirie. Mama amefika, mtoto anakata roho mikononi. Kanuni inasema hakuna kumwingiza mtu katika majaribio bila ridhaa yake, na ridhaa ni baada ya maelezo kamili. Utamkalisha mama huyo umsomee kurasa za fomu, huku mtoto anaondoka? Kamati za maadili ziliruhusu njia ya kati: mama aelezwe kwa maneno machache, akubali au akatae kwa mdomo, na maelezo kamili pamoja na sahihi vifuate hali ikishatulia. Wapo wanaoona hiyo si ridhaa hasa. Mimi naona waliamua sawa, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa kuendelea kuwamiminia watoto maji yaleyale bila kujua, na kwa hilo hakuna mama aliyewahi kuombwa ridhaa.

Na tukishafika kwenye ridhaa, tuseme ukweli wa vijijini. Pwani yetu inajua hadithi za mumiani tangu enzi za ukoloni: watu wa gari wanaokuja kuchukua damu. Mtafiti anayepita nyumba kwa nyumba na chupa ndogo za damu anarithi hadithi hiyo, atake asitake. Wasomi huwacheka wanaoamini. Mimi siwacheki. Mwanakijiji anaona damu inaondoka, jibu halirudi, na mwenye gari haishi pale. Kilifi waliliona hilo, wakaweka wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wakutane na watafiti na kuuliza maswali. Ni hatua nzuri.

Lakini kuna jambo ambalo wawakilishi hawawezi kulimaliza. Mzazi huambiwa: kushiriki ni hiari, utarudishiwa nauli, na mtoto atatibiwa bure muda wote wa utafiti. Nauli huzua mjadala mrefu katika kamati za maadili: ikizidi ni kishawishi, ikipungua ni unyonyaji. Nauli si kitu, msikilizaji. Kishawishi kikubwa ni hayo matibabu. Zahanati ya serikali haina dawa, kliniki ya utafiti inayo, na daktari yupo, tena anamsalimia mama kwa jina. Mwenye akili timamu atasaini. Je, amekubali utafiti, au amekubali matibabu ambayo alistahili kuyapata hata bila utafiti? Serikali inapoacha zahanati tupu, inamfanya raia wake awe rahisi kusainishwa. Hilo si kosa la mfadhili.

Nisogee kwenye chanjo ya malaria. Ilianza kutengenezwa mwaka 1987, na kampuni ambayo leo inaitwa GSK pamoja na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed. Jeshi lina sababu zake: askari wake hupelekwa nchi zenye malaria. Watoto wa Afrika waliingia vizuri katika hesabu mwaka 2001, shirika la PATH lilipojiunga kwa fedha za wakfu wa Gates. Mwaka 2009 likaanza jaribio kubwa la watoto 15,459 katika nchi saba. Kwetu walikuwamo watoto wa Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, na wa Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: miaka 34. Chanjo za Uviko zilichukua chini ya mwaka mmoja. Kweli, kimelea cha malaria ni kiumbe kigumu, kinajigeuza kila kinapohama kutoka ini kwenda damu, na sayansi yake haifanani na ya kirusi. Sikatai. Lakini sayansi peke yake haielezi miaka yote 34. Kuna miaka iliyokwenda kwa kutafuta nani atalipa hatua inayofuata.

Na baada ya majaribio? Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa watoto nje ya jaribio lile, kwa mpango wa awali, zilichaguliwa nchi tatu: Ghana, Kenya na Malawi. Tanzania haikuwamo. Kenya ilikuwamo, lakini kwa kaunti za magharibi, kule ziwani, ambako malaria ni kali zaidi. Kilifi haikuwamo. Ukimuuliza mtaalamu atakupa sababu, na sababu zenyewe ni za maana. Ila mzazi wa Bagamoyo aliyempeleka mtoto wake kuchomwa sindano miaka 10 nyuma ana haki ya kuuliza kwa nini mdogo wake yule mtoto hakupata.

Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na wamelirekebisha mara kadhaa, la mwisho Oktoba 2024, linataka kabla utafiti haujaanza iwekwe mipango ya nini washiriki watapata ukimalizika. Maneno mazuri. Tazama ilivyokwenda kwa sindano ya kuzuia VVU, lenakapaviri ya kampuni ya Gilead. Mwaka 2024 wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000 wa Uganda na Afrika Kusini walikuwa katika jaribio lake. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, mara mbili tu kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hata mmoja! Ilipoidhinishwa Marekani Juni 2025, bei yake ilitangazwa kuwa dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kampuni ilikuwa imetoa leseni kwa watengenezaji wengine wauzie nchi 120, zikiwamo za kwetu, na imetangazwa kwamba kuanzia 2027 itapatikana kwa dola 40 hivi kwa mwaka. Nashukuru. Lakini Brazili, Argentina, Mexico na Peru, ambazo watu wao walijitolea miili yao katika jaribio la pili la sindano hiyohiyo, hazimo katika orodha hiyo ya 120. Zimehesabiwa kuwa na uwezo. Mwili wako unapokelewa kwenye jaribio, halafu ukienda dukani unaambiwa wewe ni tajiri.

Na fedha zikikatika kabla jaribio halijaisha? Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye watafiti wakaanza kupokea barua za kuwaamuru wasimamishe kazi mara moja. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake katika jaribio la pete ya kujikinga na VVU inayovaliwa ukeni. Barua ilipofika, pete zilikuwa bado mwilini. Watafiti waliamua kuwaita wanawake hao wazitoe, barua au si barua. Mradi mwingine uliwakusanya wanasayansi wa nchi nane za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo, kutafuta chanjo ya Ukimwi iliyobuniwa na Waafrika, kwa dola milioni 45 za Marekani. Jaribio la kwanza lilikuwa linakaribia kuanza. Likakwama.

Nimesikia watu wakiilaani Marekani kwa hilo. Kumtelekeza mshiriki katikati ya jaribio ni uovu, na sina neno laini la kuufunika. Hata hivyo fedha zilikuwa zao, na serikali hubadilika kwa kura za watu wasiotujua. Hasira yangu nyingine naielekeza karibu zaidi.

Novemba 2008, mawaziri wetu wa afya, elimu na sayansi walikuwa Bamako, nchini Mali. Wakatoa wito kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa ajili ya utafiti. Kenya ikaenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa mfuko wa utafiti. Ni sheria, si ahadi ya jukwaani. Fedha hizo hazijawahi kufika hapo, wala karibu yake. NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, na KEMRI ya Kenya zilianzishwa kwa sheria mwaka uleule wa 1979, na hadi leo ukitaka kujua kipaumbele cha utafiti wao wa mwaka fulani, tazama kwanza mfadhili gani wa nje alikuwa na hamu ya nini mwaka huo. Akitaka Ukimwi, tunachunguza Ukimwi. Akihamia magonjwa ya mlipuko, na sisi tunahama. Madaktari wetu hodari wanatoka wodini kwenda kwenye miradi kwa sababu mishahara iko huko, na siwalaumu, wana watoto wa kusomesha.

Utaniambia: ndugu mtangazaji, fedha hatuna, wodi zenyewe hazina glovu. Nakubali kwamba ni uchaguzi mgumu. Lakini kumbuka dripu. Serikali ambayo haichunguzi itaendelea kununua kwa fedha zake chache vitu visivyofaa, kwa sababu kitabu cha kwingine kimesema vinafaa. Tena hatuambiwi tulipie kila kitu. Afrika Kusini, baada ya pigo lile la 2025, hazina yake ilitenga randi milioni 400 kwa miaka mitatu kuokoa utafiti wa afya, na wakfu wa Gates na wa Wellcome kila mmoja ukaongeza milioni 100. Mwenye nyumba alitoa sehemu kubwa, wageni wakachangia. Katika meza ya namna hiyo mwenye nyumba ana sauti.

Basi, msikilizaji, Juni mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki watasoma bajeti. Mpigie mbunge wako umuulize utafiti wa afya umetengewa kiasi gani, na cha mwaka jana kilitoka hazina au kilibaki kwenye karatasi. Na siku mtafiti atakapobisha hodi kwako na fomu, mkaribishe, mpe kiti. Kisha kabla hujaweka dole gumba muulize nani analipa, nani atakutibu fedha zikikatika katikati, na dawa ikifaulu itafika zahanati ya hapa kwa bei gani. Asipokuwa na jibu, mwambie arudi atakapokuwa nalo.